Gari Lisilokojoa

Mlango uligoma kufunga.

Mama Shela alikuwa ameliinua gari kwa jeki ili abadilishe gurudumu lililoishiwa upepo. Akafungua mlango wa dereva kuchukua kitambaa cha kuwekea magoti, na aliporudi kuufunga, mlango ukagonga, ukarudi. Akausukuma kwa nyonga, vile mwanamke anavyofunga mlango akiwa amebeba mtoto mkono mmoja na sufuria mkono wa pili. Ukarudi tena. Akainama akatazama. Ulimi wa kitasa na tundu lake havikuwa vinaelekeana. Kimoja kilikuwa juu, kingine chini, kama watu wawili waliogombana wakalazimishwa kupeana mikono.

"Limepinda mgongo hilo," ilisema sauti nyuma yake.

Hakuhitaji kugeuka. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mnunuzi wa vyuma chakavu. Kila asubuhi alikunywa chai yake amekalia pipa lililopinduliwa hapo uani, huku akilipima gari lile kwa macho kama mchinjaji anavyompima mbuzi wa jirani.

"Limechoka kukuona, shemeji. Limegeuza uso."

"Lishushe uone."

Akalishusha. Mlango ukafunga, japo kwa kunung'unika.

"Umeona? Likiwa chini linajikaza. Ukiliinua, kiuno kinaachia. Gari la paa la turubai halina mbavu za juu. Nguvu yake yote iko kwenye zile boriti mbili za chini ya milango. Zikiliwa na kutu umebaki na viti na usukani."

"Viti na usukani ndivyo ninavyotumia."

Shemeji akacheka, kisha akasema lile lililomtoa ndani. Mwisho wa mwezi lori la vyuma lingekuja. Ua ule ulikuwa wa ukoo, na ukoo ulikuwa umekaa kikao. Gari likiwa zima, libaki. Likiwa hivi, linakatwa na kupakiwa.

"Ukoo umekaa lini? Mimi sikuona viti vikitolewa."

"Tulikaa kwangu."

"Nani na nani?"

Shemeji akanywa chai kwanza. "Mimi. Na mama kwenye simu."

"Kikao kizito hicho," alisema Mama Shela, akaokota jeki yake.

Alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi, na jina alipewa na mtaa kwa ajili ya shela alizozitundika dirishani, nyeupe, zikishuka mpaka sakafuni. Kazi aliianzia chini kabisa. Alipokuwa msichana aliajiriwa na fundi cherehani mmoja mkali, na kazi yake ilikuwa kutambaa chini ya meza na sumaku, akiokota pini zisimchome mteja. Sumaku ile, yenye umbo la kwato, yule fundi alimwachia siku alipostaafu. "Wengine wanarithi mashamba," Mama Shela alizoea kusema, "mimi nimerithi kwato." Aliivaa shingoni kwa utepe, na wajukuu wa mtaa mzima walishaipitisha mdomoni.

Gari lilikuwa la mpiga picha za harusi. Yeye alikuwa na gari la wazi, Mama Shela alikuwa na magauni, na kwa miaka walipelekana kazini. Mpiga picha alipozeeka macho na kuhamia kwa mwanawe, alimwachia ufunguo. Watu wakadhani atauza. Yeye akaenda kwenye uwanja wa shule siku za likizo, akajifunza kuliendesha, akagonga goli moja, akalisimamisha tena kwa mawe, akaendelea.

Sababu yake ilikuwa ya kazi. Gauni la harusi halikunjwi. Ukilikunja linakumbuka, na hata upitishe pasi gani, haliwezi kusahau. Linatakiwa lisafiri limevaliwa. Basi Mama Shela alilivalisha sanamu lake la kushonea, lile lisilo na mikono, akalikalisha kiti cha mbele, akalifunga mkanda, akashusha paa la turubai ili shela isibanwe, wakaenda. Sanamu hilo aliliita Bi Kimya. Watoto wa barabarani walikimbia pembeni wakiimba bibi harusi hana mikono, bibi harusi hana mikono, naye Mama Shela akiwapungia kwa niaba yake.

Mumewe alipoliona gari kwa mara ya kwanza alisema, "Sasa hili mbona halina kichwa?"

"Wewe unacho. Kimekufikisha wapi?"

Alicheka mpaka akakohoa, akapanda. Alipanda nyuma, maana mbele kulikuwa na mwenyewe. Miaka yote ile, kila walipotoka, mume alikaa nyuma ya Bi Kimya akimshikia shela isipeperuke. Watu walimcheka, naye aliwaambia kwamba mwanamume mwenye wake wawili wasiogombana hachekwi, anaombwa ushauri.

Fundi wa bodi za magari aliyeletwa kulitazama aliitwa Polepole, na hakuna aliyeuliza kwa nini, maana ungemwona tu akifungua mkoba wake ungejua. Alizunguka gari kimya. Akagonga chini ya mlango kwa mpini wa bisibisi, mahali kwa mahali, sikio limeelekezwa. Palipo pazima palilia kama sufuria. Kisha pakaja mahali palipojibu kama boga.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia. Hapo kuna maiti."

"Kwa nje panang'aa lakini. Kuna mtu zamani alijaza puti, ule udongo wetu wa kufichia aibu, akapaka rangi juu." Akamtazama shingoni. "Niazime hiyo."

Mama Shela akaivua kwato. Fundi akaipitisha juu ya rangi. Kwenye chuma ilinata, ikabidi aivute. Ilipofika kwenye puti ikaanguka, pwa, kwenye vumbi. Mama Shela akaichukua akaendelea mwenyewe, kwa magoti, kama alivyotambaa zamani chini ya meza. Kila ilipoanguka, binti yake aliyekuwa amesimama na mtoto begani alipiga alama ya chaki, ile chaki ya kuchorea nguo. Upande wa pili ulikuwa na alama chache. Upande wa dereva, walipomaliza, ulikuwa na alama nyingi kuliko gauni linalopunguzwa kiuno.

Polepole akalala chini, akasukuma bisibisi kwenye boriti. Ikaingia mpaka mpini. Alipoichomoa yalitoka maji, ya rangi ya chai iliyolala.

"Maji?" aliuliza Mama Shela. "Mvua imekatika siku nyingi."

"Hili ndilo linalonishangaza. Gari hili lina matundu ya kutolea maji. Mvua ikinyesha, maji yanaingia pale paa linapokunjiwa, yanashuka na mfereji wa ndani, yanatoka chini ya milango. Yako wapi matundu hayo?" Akapapasa kwa kidole, akakwaruza, akatia koleo, akavuta. Kikatoka kitu kama kizibo cha chupa, cheusi, kigumu. Akakipangusa kwenye suruali. Chini ya uchafu kilikuwa cheupe, na kilikuwa na nakshi.

Mama Shela alikitambua kabla hajakishika. Ilikuwa satini, masalio ya gauni, imeviringishwa na kuchovywa kwenye nta ya mshumaa.

Alikumbuka hata msimu. Ulikuwa wakati wa vumbi, na vumbi liliingia kwa chini likatia mstari wa kahawia kwenye pindo la gauni jeupe, na alishinda siku nzima akilisugua kwa kipande cha mkate. Jioni yake alitoka na tochi na mshumaa, akatafuta kila kitundu kilichokuwa kikipumua chini ya gari lile, akaviziba vyote. Alifanya kazi safi. Mshonaji haachi tundu. Alishawafundisha wasichana wote waliopita mikononi mwake methali moja tu, akaiimba mpaka wakaikinai: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwenye pipa, shemeji aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayejiandaa kula.

"Kumbe muuaji yumo humu humu nyumbani. Tulikuwa tunamsingizia mvua."

Polepole akajifanya anatafuta kitu mkobani. Binti akageuza uso. Mama Shela alisimama na kizibo kiganjani, na uso ukapata joto mpaka masikioni. Aliziba ufa, na ukuta ukaoza.

"Kazi yangu hiyo," alisema mwishowe. "Angalia nta ilivyoshika. Miaka yote hiyo haijavuja hata tone. Yupo fundi wako mwenye mkono huo, shemeji?"

"Mkono mzuri. Umeliua vizuri."

"Nimeliziba mimi, na nitalizibua mimi. Kalete chai nyingine, hiyo imepoa."

Shemeji hakuwa mtu mbaya. Ni kwamba alishazoea kuona kila kitu katika hali kitakayokuwa nayo kikifa. Jioni alirudi na wazo, na alilileta kwa sauti ya chini, ya huruma, jambo lililomkera Mama Shela kuliko kicheko.

"Sikiliza, shemeji. Nina bati zito. Tulichomelee paa. Kutoka kioo cha mbele mpaka nyuma, moja kwa moja. Litakaza, milango itafunga, na mimi nitamwambia mama kwamba limetengenezwa. Litakuwa gari kama magari ya watu. Muulize fundi."

Polepole alikuna kidevu. Hakutaka kusema uongo. "Litakaza, ndiyo. Na ni kazi fupi. Ila halitafunguka tena."

"Na Bi Kimya?"

"Atakaa ameinamisha kichwa," alisema shemeji. "Au umpakie nyuma, amelala. Si sanamu?"

Mama Shela alikuwa akishona pindo la shela ya mteja, na vidole viliendelea na kazi vyenyewe.

"Tangu tumzike kaka yako," alisema, "kila anayeingia hapa anakuja na kifuniko. Wa kwanza alisema nifunge duka, mjane hashoni shela, ni mkosi. Wa pili akasema nishone sare za shule, nguo za rangi tulivu. Mama akasema nihamie chumba cha nyuma, cha mbele kina dirisha kubwa, watu wananiona. Sasa mmefika kwa gari. Siku moja nitaamka nikute mmenichomelea na mimi."

"Shemeji, mimi nasemea bati tu."

"Na mimi nasemea bati tu. Silitaki."

"Basi lori linakuja."

"Na lije. Barabara si yangu."

Kazi ilianza kwa kufunga jeraha kabla ya kulikata. Polepole alichomelea vyuma viwili vya kushikilia tundu la mlango, kutoka nguzo hii mpaka nguzo ile, ili gari lisijikunje wakati boriti imetolewa. "Upande mmoja kwanza," alisema. "Ukikata pande zote mbili kwa pamoja, utaenda nyumbani na ndizi." Mama Shela alielewa mara moja. Hata yeye hafumui mishono yote miwili ya gauni likiwa mwilini mwa mtu.

Zulia lilitoka, viti vikatoka. Mashine ya kukatia ikalia mpaka jirani akafunga madirisha. Kutu ilitoka kwa ungo, nyekundu, tabaka juu ya tabaka, kama maganda ya kitunguu. Polepole alikata mpaka akadhani ametosha. Mama Shela akapita na kwato yake na ukucha.

"Hapa bado."

"Hapo pana nguvu kidogo, mama. Panaweza kushika moto."

"Huwezi kushonea kiraka kwenye kitambaa kilichooza. Kiraka kitabaki, kitambaa kitachanika pembeni yake. Kata mpaka pazima."

Fundi akakata. Shimo lililobaki liliogopesha. Ungeweza kuingiza mkono kwa mlango ukapapasa ardhi. Binti alilitazama, akamkumbatia mtoto vizuri zaidi, akasema kwa upole, "Mama, si tungelikodi tu la mtu siku za kazi?"

"Tungelikodi. Na tungerudi kwa miguu siku zisizo za kazi."

Umbo la boriti lilikuwa gumu, lenye mikunjo na mviringo, na Polepole aliharibu bati la kwanza akilikisia kwa jicho. Mama Shela akaingia ndani, akatoka na maboksi ya vitambaa na mkasi mkubwa. Akaweka karatasi ngumu pale shimoni, akaibana kwa pini, akachora kwa chaki, akaacha ukingo wa kupindia kama anavyoacha kwenye bega. Akaikata. Ikakaa.

"Hii ni mkono wa gauni," alisema Polepole.

"Ni mkono wa gauni uliovaliwa na gari. Fuata hiyo."

Akaifuata, kipande kwa kipande. Bati likakaa pale boksi lilipokaa. Kuanzia hapo walifanya kazi kama meza moja yenye cherehani mbili. Yeye alikata maboksi, fundi akakata bati, akachomelea nukta kwa nukta, akisubiri lisipate joto likajikunja. Kisha brashi ya waya, kisha msasa, kisha dawa ya kutu, ile majimaji inayogeuza wekundu uliobaki kuwa mweusi. Mama Shela alipenda kuitazama ikigeuka. Wakaacha ikauke, wakapaka rangi ya kwanza, ya kijivu, halafu nyekundu ya gari lenyewe. Ndani ya boriti, mahali jicho lisipofika, Polepole alimimina grisi iliyoyeyushwa, akaitikisa mpaka ikapita kila pembe.

Kwenye bati jipya alishatoboa matundu ya maji, lakini yale ya chuma cha zamani yalikuwa bado yamezibwa. Ilibaki kazi hiyo moja, nayo Mama Shela hakumpa mtu. Alilala chini ya gari na ndoano ya kufumia, akatoa vizibo vyake, kimoja baada ya kingine. Satini, lesi, hariri moja ya ghali ambayo hata yeye alishangaa aliitoa wapi. Mjukuu alilalia kanga pale kivulini, akinyonya kidole cha mguu.

Binti akapapasa nepi ya mtoto, akatabasamu. "Amelowa tena huyu. Juzi alipokuwa na homa alishinda mkavu, nikakesha nikilia. Nesi akaniambia mtoto anayekojoa usimwogope. Mwogope asiyekojoa."

Mama Shela alisita chini ya gari, ndoano mkononi. "Rudia."

"Nini, mama?"

"Hilo la nesi."

Akarudia. Mama Shela akavuta kizibo cha mwisho, akapuliza tunduni, na upande wa pili, nyuma ya viti, vumbi dogo likaruka juu.

Lori la vyuma lilikuja likiwa limejaa nusu, vitanda na mageti yakining'inia. Shemeji alishuka humo, mitungi ya gesi ya kukatia ikiwa tayari nyuma. Gari lilikuwa katikati ya ua, jekundu, paa limeshushwa. Bi Kimya alikuwa kiti cha mbele, amevaa gauni la mteja, amefunikwa nailoni.

"Rangi nzuri," alisema shemeji. "Rangi hata jeneza linapakwa."

"Chukua jeki."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mkaguzi. Inua palepale nilipoinua mimi."

Shemeji akaweka jeki katikati, akapiga, gari likanyanyuka. Akafungua mlango wa dereva. Akausukuma kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa kitu asichokiamini. Mlango ukafunga, tap, sauti ndogo, ya kabati la watu wenye adabu. Akaufungua tena. Akaufunga tena. Akaenda upande wa pili, nako tap. Dereva wa lori akaanza kucheka peke yake.

"Sawa," alisema shemeji. "Mgongo umenyooka. Lakini mvua moja tu, shemeji. Gari hili linakunywa maji. Mwakani tutarudi palepale."

Mama Shela alikuwa akiingoja hiyo. Ndoo ilikuwa mlangoni, imejaa. Alilishusha gari, akamwambia asimame pale pale alipo, karibu na mlango. Akaenda nyuma ya viti, pale turubai linapokunjiwa, akamimina ndoo nzima.

Kwa muda hakikutokea kitu. Shemeji akafungua mdomo aseme. Kisha chini ya mlango ukatoka mkondo mwembamba, wa wima, wenye nguvu zake, safi, na kando yake mwingine, na mwingine. Maji yakachimba vishimo kwenye vumbi, yakaungana, yakamfuata shemeji mpaka kwenye viatu. Alitazama chini. Hakuondoa miguu.

"Linafanya nini hili?"

"Linakojoa," alisema Mama Shela. "Halina homa."

Mtoto begani kwa binti alicheka, kwa sababu zake. Shemeji alisimama kwenye tope lile dogo, akimtazama mwanamke huyu aliyevaa kwato shingoni na grisi kwenye kiwiko, na pembe ya mdomo wake ilianza kumsaliti.

"Nitamwambiaje mama?"

"Mwambie ukoo umekaa tena. Mimi na Bi Kimya." Akaingia, akafunga mlango, tap, akamvua Bi Kimya nailoni na kuiweka miguuni. "Sasa ondosha lori lako getini, nina mteja."

"Kutakuwa na upepo barabara ya juu. Shela itaruka."

"Itaruka. Aliyekuwa akiishika hayupo."

Alisema hivyo akitazama mbele, mikono kwenye usukani. Dereva wa lori alikuwa tayari anarudi nyuma. Shemeji aliangalia mitungi yake ya gesi, akaangalia viatu vyake vilivyolowa. Kisha akakung'uta mguu mmoja, akakung'uta wa pili, akafungua mlango, akapenya kwenda kiti cha nyuma bila kuombwa, akakusanya shela kwa vidole vyake vinene vya mkata vyuma.

"Usiivute," alisema Mama Shela.

"Siivuti."

"Na mikono uifute kwanza."

Akaifuta kwenye shati lake mwenyewe, mbele na nyuma. Gari likatoka uani wazi hivyo hivyo, likiacha nyuma yake mstari wa matone mpaka barabarani.